TAHADHARI: Muuza spea za DT 175 pale Grogan ni mwizi

Wadau, yule jamaa wa pistoni na ringi za pikipiki ya Yamaha DT 175, ambaye namba yake imezunguka kwenye magrupu tangu Krismasi, futeni namba yake sasa hivi. Amenila shilingi 18,500, na hizo ningezisamehe. Nisichoweza kusamehe ni kwamba ameondoka na silinda ya pikipiki ya mzee, yaani baba yangu.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini mjue mtu huyu si wale wa kuuza simu za sabuni pale River Road. Kazi anaijua, na ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu.

Hadithi ya pikipiki yenyewe mnaijua, sitairudia. Mnajua pia ilikokwama: pistoni imekwaruzika, silinda ina mifereji unayoihisi kwa ukucha. Dawa ni kuchonga silinda na kutia pistoni ya saizi kubwa zaidi. Tundu la silinda ya DT ambalo halijaguswa ni 66 mm, ambayo inakupa 171 cc ingawa kila mtu anaiita 175. Kwa hiyo nilihitaji pistoni ya 0.50, yaani kubwa kwa nusu milimita, ya tundu la 66.50. Haya, itafute Nairobi hii uone. Zamani DT uliziona kwa mabwana shamba na kwenye misheni, leo mji umejaa Boxer na TVS za bodaboda, na ukiulizia spea ya injini ya mipigo miwili vijana wa dukani wanakutazama kama umeomba mafuta ya taa ya sisimizi.

Nikapewa namba yake. Nikamwandikia usiku. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni ile ya shoki mbili nyuma, au ya shoki moja iliyolala chini ya tangi?" Nambieni, tapeli gani wa kawaida anauliza hivyo? Nikamtumia picha. Akajibu, "Hiyo imetunzwa. Nani alikuwa anaiendesha?" Nikamweleza habari za mzee. Akanipa pole, na pole yake ilikuwa na maneno mengi kuliko ya baadhi ya ndugu zangu.

Tukakutana Kirinyaga Road, au Grogan kama tunavyoendelea kuiita. Alikuwa na meza ndani ya duka la watu, karibu na mlango, imejaa kabureta za Mikuni zilizofunguliwa na kupangwa kwa mpangilio wa mtu nadhifu. Watu wanapita wanamwita "Fundi, Fundi." Akaniagizia chai. Akatoa boksi dogo lenye utepe uliopauka na maandishi ya Kijapani, akaukata utepe kwa wembe polepole, akafungua karatasi ya mafuta, na harufu ile ya spea iliyokaa ghalani miaka mingi ikanijia puani. Hakunipa nishike. Alipangusa kwanza kwa kitambaa cheupe, kisha akanionyesha vipini viwili vidogo ndani ya njia za ringi.

"Mkubwa, unaviona hivi? Hivi ndivyo vinazuia ringi isizunguke. Ikizunguka, ncha zake zitanasa kwenye tundu la moshi, na hapo injini imekwisha."

Ni kweli tupu! Ndivyo injini za mipigo miwili zilivyo. Kisha akatoa maikromita, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita, kwenye kasha lake la mbao, akaipima pistoni chini kwenye sketi, mahali panapotakiwa kupimwa, akasoma kwa sauti: "Sitini na sita, nukta nne sita. Angalia mwenyewe." Nikaangalia. Ngoma ya maikromita, ile sehemu yenye namba inayozungushwa, ilikuwa imesimama kwenye 46, nimeiona kwa macho yangu. Nikapiga hesabu kichwani: tundu 66.50, pistoni 66.46, inabaki nafasi ya 0.04. Safi kabisa. Nikatuma 12,500 palepale.

Hapo alikuwa bado hajaniibia chochote cha maana. Pistoni ilikuwa chambo tu.

Akauliza, kama mtu asiyejali sana, "Silinda utachongea wapi?" Nikamwambia Kariobangi Light. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwamba wale wamezoea za bodaboda, watachonga vizuri lakini watasahau kupiga tupa kingo za matundu ya moshi na mafuta ndani ya silinda, na ringi itavunjika kabla sijafika mbali. Kwamba ana fundi wake Industrial Area anayejua. Akanionyesha picha kwenye simu: pikipiki inang'aa juu ya nyasi za Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, na yeye amesimama kando yake akitabasamu. Injini hiyo, alisema, waliitengeneza wao. Mnajua ndoto yangu na yale mashindano. Yamekuwapo tangu 1970, mzee alikuwa akitupeleka tukiwa wadogo, tunapitwa na magari yote tunakwenda moja kwa moja kwenye safu ya pikipiki. Yeyote aliyelipa kiingilio anaweza kusimama kando ya pikipiki ya mtu akapigwa picha. Sasa ndiyo nasema hivyo. Siku ile niliona kazi ya mikono yake.

Nikampelekea silinda. Akaishika, akaizungusha, kidole chake kikasimama pale kwenye fini, lile bawa la kupoza silinda, iliyokatika, upande wa kulia, ile iliyovunjika siku mnayoijua. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hii nitaijaza kwa weldingi ya agoni, sikutozi. Hii ni zawadi yangu kwa mzee."

Hapo ndipo aliponimaliza. Na nawaomba mfikirie vizuri kabla hamjaniita mshamba: alumini kweli huchomelewa kwa agoni, fini zilizovunjika kweli hujazwa hivyo, halafu hupigwa tupa na kupakwa rangi nyeusi ya kustahimili moto mpaka huoni kovu. Kwa hiyo silinda iliporudi nyeusi tii, fini zote zimekamilika, nilishukuru. Nilituma picha kwenye grupu, na nyinyi wenyewe mliweka dole gumba, hata wale mnaojifanya leo kwamba mlishuku. Nikatuma 6,000 za kuchonga.

Pistoni ilikuwa tayari ndani ya silinda, imepakwa grisi, yote imeviringishwa kwa nailoni. "Usiichomoe," aliniambia. "Ringi zimeshakaa, ukizitoa bila kibanio utazivunja. Pitisha pini tu, ufunge." Na huo ni ushauri ambao fundi mwema pia angeweza kukupa. Ndipo uone ubaya wa mtu huyu. Kila uongo wake ameufunga ndani ya ukweli.

Iliwaka, na tena haikusumbua. Mama watoto alitoka jikoni kuja kusikiliza. Nikaitoa garajini (mnaijua, ile nafasi ya gari ambayo haijawahi kulala gari) nikashika Outering Road pole pole, gesi kidogo, naachia, gesi kidogo, naachia, kama inavyotakiwa kwa pistoni mpya. Nikapita Mutindwa. Nikiwa nakaribia Kariobangi nikasikia mlio wa chuma, mkavu, halafu gurudumu la nyuma likakaza. Nilikamata klachi ndiyo maana naandika. Matatu iliyokuwa nyuma yangu ilipita pembeni konda akinitukania mama.

Vijana wa bodaboda wakanisaidia kuisukuma hadi Light, kwa walewale mafundi niliokuwa nimeambiwa hawajui kitu. Kuna mzee mmoja pale wa mashine ya kuchonga. Akafungua kichwa, akaivuta silinda, akaitazama kwa ndani, akacheka. Hakunicheka mimi, nadhani. Akanionyesha slivu, lile bomba la chuma ndani ya silinda: ilikuwa imetolewa kwenye silinda ya kitu kingine kabisa, imetobolewa matundu kwa mkono, na matundu yale hayakulingana na njia zilizo kwenye alumini. Mahali pengine nusu ya njia imezibwa. Kingo zake kali, hakuna aliyepitisha tupa, zile kingo zilezile nilizohubiriwa pale mezani! Ringi ilikuwa imenasa na kukatika vipande vitatu.

Nikamwambia, lakini fini imejazwa vizuri. Akaigeuza, akakwangua rangi kwa bisibisi. Hakukuwa na alama yoyote ya weldingi. "Fini hii haijawahi kuvunjika tangu itoke kiwandani," akasema. "Hii si silinda yako, kijana."

Nikafungua simu, nikatafuta picha nilizopiga siku ya kubomoa injini. Herufi zilizo kwenye chuma, zile zinazotoka kiwandani, hazifanani kabisa.

Na pistoni? Ni ya kawaida, saizi ya kwanza, imetumika, imepigwa mchanga ikang'aa, halafu mtu amegonga "0.50" kichwani kwa patasi za namba. Ukiitazama kwa makini sifuri ya mwisho imeinama. Mzee wa mashine akaipima. Ngoma ikasimama kwenye 46, palepale nilipoiona Grogan. Kisha akaniwekea kidole kwenye mstari mdogo wa nusu milimita juu ya kipimo. Ngoma ya maikromita inazunguka mara mbili ndani ya milimita moja, kwa hiyo 65.96 na 66.46 zote zinaonyesha 46 kwenye ngoma, tofauti ni kamstari kamoja tu. Fundi wa Grogan hakuichezea maikromita hata kidogo. Alisoma kwa sauti tu, akaniachia niitazame ngoma.

Nikampigia, mteja hapatikani. Nikarudi Grogan, mwenye duka akasema jamaa alikuwa akilipia meza kwa siku, hamjui kwao wala kwake. Nikapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa pesa, nikajibiwa kwamba pesa zilishatolewa. Kituo cha polisi nimeandikisha, namba ya OB, kitabu chao cha matukio, ninayo, ingawa askari wa zamu aliposikia nimeibiwa silinda aliuliza ni ya kilo sita au kumi na tatu.

Mnaoniuliza ishara zilikuwa zipi: jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni laini ya mkewe, yake imefika kikomo. Risiti alisema ataleta siku ya silinda. Hakutaka nimjue fundi wake wa Industrial Area, hata mtaa hakutaja. Piga picha zile herufi za silinda kabla hujaitoa mkononi, na ukwangue alama yako chini pale gasketi inapokaa. Pistoni na silinda viende pamoja kwa fundi uliyemchagua wewe, apime yeye. Kuna na mengine, nitaongeza nikipoa, sasa siwezi.

Siwezi kwa sababu nimesoma kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Hadi! Silinda ile ilitoka Japani kabla yeye hajazaliwa, imebeba mzee milima yote mnayoijua, halafu hadi miaka 3. Mimi ningempa miaka 3 kwa fini peke yake, ile zawadi yake kwa mzee. Kuna aliyependekeza tumtegee na vijana wa boda. Hapana, sitaki aguswe. Namtaka mzima, aletwe garajini kwangu, akae kwenye kigoda, apewe kipande cha alumini na tupa moja butu, achonge fini mpaka zifanane na za kiwandani, na mimi nikiwa naagiza chai.

Wakili mmoja wetu amenielekeza Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Wanasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na wanatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Tatizo ni kwamba lazima niwape jina na mahali pa kumpelekea hati ya wito, na ninachojua mimi ni "Fundi". Kwa hiyo aliyewahi kununua kwake, hata kama ulipata kitu kizuri, niandikie kwa faragha. Nahitaji jina lake halisi na anapolala.

Silinda lazima ataiuza, hawezi kuila. Ukiletewa ya DT, haijachongwa, fini ya chini upande wa kulia imekatika, mwambie unaenda kutafuta pesa, kisha nipigie. Nitakuja usiku, nitakuja mvua ikinyesha.

Na wewe uliyeweka namba yake kwenye grupu ukaandika "huyu ni wetu kabisa", naona umesoma ujumbe wangu tangu jana. Bado nasubiri simu yako.