Spika za zamani kwa sebule ya kawaida: zipi ununue kwanza

Wengi wanaotafuta spika za zamani huanza na jina: JBL, KEF, Yamaha, Klipsch. Jina lina uzito wake, lakini kwa sisi tunaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja kuna kitu kinachotangulia jina, nacho ni ukingo wa koni. Koni ni ile sehemu pana inayotetemeka kutoa sauti, na ukingo ni ule utepe laini unaoizunguka na kuishikilia kwenye fremu. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziliwekewa ukingo wa sponji. Sponji ile huliwa na unyevu wa hewa. Hata huko Ulaya huchoka baada ya miaka 15 au 20 hivi, na joto na unyevu wa pwani havisubiri kiasi hicho. Ukiigusa ikiwa imeoza, inakatika na kunata kidoleni. Ukingo wa mpira au wa kitambaa kilichopakwa dawa unaweza kupita miaka 50 ukiwa bado unafanya kazi.

Ndiyo maana mpangilio huu wa spika tano haukupangwa kwa utamu wa sauti peke yake. Nimempangia mtu anayenunua jozi yake ya kwanza, mwenye sebule ya kawaida, anayesikiliza rumba, dansi na taarab, na ambaye hana fundi wa spika mtaani kwake.

Kabla ya kutoa hela

Mwombe muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba nitoe vitambaa vya mbele nione ndani." Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, tazama kwanza ukingo, halafu weka vidole vya mikono yote miwili kwenye pande zinazotazamana za koni ya wufa (ile kubwa ya besi) na uisukume polepole. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imehama mahali pake. Hiyo si ya kununua. Kama boksi limezibwa kabisa, halina tundu, koni huwa inarudi taratibu kwa sababu ya hewa ya ndani. Ikirudi haraka, kuna mahali panavuja. Twita, ile ndogo ya sauti za juu, usiisukume hata kidogo, kuba yake hubonyea na hairudi sawa.

Kisha toa multimita, ile mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kama 5.5 hadi 7, na ya omu 4 husoma 3 na ushee. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Njiani kuelekea kwenye twita kuna kapasita, nayo haipitishi umeme wa mita. Kipimo kizuri kinakuambia tu kwamba wufa ni nzima. Twita inaweza kuwa imekufa zamani na mita isiseme neno. Twita unaisikiliza mwenyewe: kunja karatasi iwe kama bomba, ncha moja sikioni, nyingine mbele ya twita, muziki ukiwa chini. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, maana spika yenye twita iliyokufa bado inaimba, na mtu asiyeizoea atasema tu kwamba "ina sauti nzito".

Betri ya volti 1.5 nayo ina kazi yake. Iguse kidogo tu kwenye vituo vya nyuma, chanya kwenye chekundu, na uangalie koni inakwenda wapi. Spika nyingi koni hutoka nje. JBL za zamani huingia ndani, ndivyo zilivyotengenezwa, usidhani zimeharibika. La msingi ni jozi yako yote ielekee upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, kuna fundi aliyegeuza waya, na zikipigwa pamoja besi itapotea.

Mwisho ziinamishe uangalie chini. Boksi nyingi ni za chipbodi, na chipbodi iliyowahi kukaa kwenye sakafu yenye maji huvimba pembeni na kumeguka. Gonga gonga, tafuta njia za mchwa. Kama boksi lina tundu la hewa, mulika tochi ndani, kwa sababu panya hupenda sana ile sufi iliyojazwa humo.

Nafasi ya 1: KEF Chorale

Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu. KEF ilianzishwa mwaka 1961 huko Kent, Uingereza, na Raymond Cooke, mhandisi aliyekuwa amepitia BBC na kampuni ya spika ya Wharfedale. Chorale ni spika yao ya miaka ya 1970 yenye njia mbili: wufa ya B200 ya sentimita 20, koni yake ya plastiki iitwayo Bextrene, na twita ya T27. Koni ya Bextrene haivimbi kwa unyevu kama karatasi, na ukingo wake si wa sponji. Kwa hewa yetu ya pwani, hayo mawili peke yake yanatosha kuitanguliza.

Sauti yake ni ya wastani kwa maana nzuri kabisa. Mwimbaji wa taarab anasimama katikati ya spika mbili, fidla zinakaa nyuma yake, qanuni inasikika nyuzi zake zikikwanyuliwa moja moja, na hakuna kinachopiga kelele kumzidi mwenzake. Hailipui besi. Anayetaka vioo vya madirisha vitetemeke hataridhika nayo. Inataka pia amplifaya yenye nguvu kidogo, wati 30 na kuendelea kwa kila upande, kwa sababu si spika inayopaza sauti kwa wati chache.

Ugonjwa wake ni twita. T27 ni ndogo na huungua mtu akizidisha sauti hadi amplifaya ikaelemewa na kuanza kukata mawimbi ya sauti, kwa hiyo jaribio la karatasi usiliruke. Kuhusu bei, kwa kuwa jina la Chorale halivumi kama la ndugu yake mdogo wa BBC nitakayemtaja chini, wauzaji wengi hawaiwekei bei ya kutisha. Ukiikuta nzima, chukua.

Nafasi ya 2: Klipsch Heresy

Paul Klipsch aliitoa mwaka 1957 huko Hope, Arkansas, na imeendelea kutengenezwa kwa matoleo mbalimbali hadi leo. Wufa ni ya sentimita 30 yenye ukingo wa kitambaa, sauti za kati na za juu zinatoka kwenye honi, yaani midomo iliyopanuka kama ya tarumbeta, na boksi la matoleo ya zamani limezibwa.

Sifa yake kubwa ni wepesi wa kupaza sauti. Ukiipa wati 1, inatoa kama desibeli 96 umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 86 inahitaji wati 10 kufikia hapo, maana kila desibeli 10 zinadai nguvu mara 10. Kwa mtu anayetumia sola, au mwenye amplifaya ndogo ya wati 5 hadi 10, hii si hesabu ya kitabuni: ni tofauti kati ya kusikiliza usiku kucha na betri kuzima saa tatu. Gitaa za rumba zinapenda sana honi zile. Solo, mi-solo na ridhimu zinatengana kiasi kwamba unaweza kufuata moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Isingekuwa bei na uzito (moja inakaribia kilo 20, na usafirishaji unalipiwa), ningeiweka ya kwanza. Besi yake haizami sana chini, kwa hiyo isogeze karibu na ukuta au kona ipate msaada.

Nafasi ya 3: Yamaha NS-10M

Zile zenye koni nyeupe. Ziliingia sokoni mwaka 1978 kama spika za nyumbani, hazikupokelewa vizuri, halafu studio zikazipenda, na kwa miaka mingi karibu kila studio kubwa duniani ilikuwa na jozi juu ya meza ya kuchanganyia muziki. Yamaha iliacha kuzitengeneza mwaka 2001 kwa sababu malighafi ya karatasi ya koni ile ilikuwa haipatikani tena.

Zinasema ukweli bila huruma. Rekodi mbaya itasikika mbaya, na sauti zake za juu ni kali hadi wahandisi wa studio walikuwa wanafunika twita kwa karatasi ya chooni. Anayerekodi muziki nyumbani azinunue bila kusita. Anayetaka kupumzika jioni na kanda za zamani arudi juu kwenye Chorale. Angalia weupe wa koni mbili ulingane: moja ikiwa ya njano na nyingine nyeupe pee, moja imebadilishwa.

Nafasi ya 4: JBL L100

Ya mwaka 1970, ndugu wa spika za studio za JBL za wakati huo. Kitambaa chake cha mbele ni sponji nene yenye vijumba, ya rangi ya chungwa, buluu au nyeusi, na mara nyingi imeshageuka unga. Hilo lisikutishe, ni pambo tu. Ukingo wa wufa yenyewe si wa sponji. Vitufe vya mbele vikikoroma ukivizungusha, vinasafishwa. Ngoma zake zinapiga kifuani na tarumbeta zinang'aa, dansi inanoga mno. Ni kubwa kwa sebule ndogo, na jina limepandisha bei kupita thamani yake kwa mnunuzi wa kwanza.

Nafasi ya 5: AR-3a

Inaniuma kuiweka hapa. Edgar Villchur, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Marekani ya AR (Acoustic Research), ndiye aliyeonyesha, kwa AR-1 ya mwaka 1954, kwamba hewa iliyofungiwa kwenye boksi dogo inaweza kuwa springi ya koni, na besi nzito ikatoka bila kabati la ukubwa wa friji. AR-3a ya mwaka 1967 ni tunda la kazi hiyo. Lakini isipokuwa zile za awali zenye kitambaa, ukingo ni wa sponji. Vidhibiti vya nyuma hushika kutu na kukata sauti za kati au za juu. Na ni ya omu 4, ambazo amplifaya nyingi ndogo hazizivumilii, huchemka. Kama una fundi anayeweza kubandika ukingo mpya wa sponji ya kipimo chake, inunue. Akikuambia atakata mpira mzito badala yake, kataa: koni itakakamaa na besi ile uliyoilipia haitakuwepo.

Nyingine kwa ufupi

LS3/5A ya BBC, iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ina sauti ya mtu akizungumza ambayo sijaisikia kwingine, lakini bei yake ni ya wakusanyaji. Yamaha NS-1000M ina kuba za beriliamu. Iliyopasuka usiiguse, vumbi lake ni sumu. Spika kubwa za Kijapani zenye wufa pana na twita tatu nne nyingi zilitengenezwa kuvutia macho dukani. Sikiliza kabla ya kuamini. Spika za minikompo za miaka ya 1990, hata ziandikwe wati 1000, ziache.

Na kapasita: za jozi yoyote ya umri huu huenda zimekauka. Kuzibadilisha ni kazi ndogo, ila ziwe zisizo na chanya na hasi. Fundi akikuwekea elektroliti ya kawaida yenye mstari wa hasi pembeni, mrudishie.

Ukinunua pamoja na amplifaya yake, soma nyuma kabla ya kuchomeka. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Kama haina swichi ya kubadilisha volti, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, na uiweke mbali na mashine ya santuri, mvumo wake usiingie kwenye muziki.