Tathmini ya huduma ya tahadhari chuoni: ujumbe uliofika baada ya dakika 43

Chuo ninachosomea shahada ya uzamili, ambacho sitakitaja kwa jina, kina huduma ya kuwatumia wanafunzi na wafanyakazi ujumbe mfupi wa simu panapotokea hatari. Nimekuwa miongoni mwa wanaoupokea kwa mihula minne sasa. Naipa huduma hii nyota mbili kati ya tano, nami ni mtu anayetamani kwa dhati ifanikiwe.

Jumatano moja, saa mbili kasorobo usiku, nilikuwa ghorofa ya pili ya maktaba mlipuko mkubwa uliposikika upande wa mabweni, na papo hapo umeme ukakatika. Wanafunzi waliinuka kwa pamoja wakakimbilia ngazi. Siwezi kuwalaumu, kwa maana hakuna anayesoma chuoni nchini Kenya asiyejua yaliyotokea Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa, wengi wao wanafunzi waliovamiwa alfajiri. Siku kumi baada ya hapo, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko ambao wanafunzi waliudhania kuwa shambulio. Wakaruka madirishani kutoka ghorofani, mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Ndiyo maana chuo chetu kina wajibu wa aina mbili usiku kama ule: kuonya ikiwa hatari ipo, na kuwahi kusema kwamba haipo.

Kando yangu alikuwa ameketi msichana ambaye ni kiziwi. Alikuwa ameuhisi mtikisiko mezani, akaona watu wakikimbia gizani, akaandika neno moja kwenye simu yake na kunionyesha: "Nini?" Sikuwa na jibu. Simu yangu ilikuwa na jumbe nyingi za WhatsApp zilizodai kwamba watu wenye bunduki wameingia kwa lango la nyuma, lakini haikuwa na neno hata moja kutoka kwa chuo. Tulijikunyata nyuma ya rafu za vitabu vya sheria tukisubiri.

Simu ya kwanza kuleta habari ilikuwa ya kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amejificha pamoja nasi. Mama yake alimpigia kutoka Bungoma akilia, kwa sababu ujumbe wa chuo ulikuwa umemfikia yeye. Kwenye fomu ya kujiunga na chuo, kijana alikuwa ameandika nambari ya mzazi, kama wafanyavyo wengi ambao bado hawana laini zao, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba airekebishe. Wangu ulifika dakika chache baadaye, saa mbili na dakika 28, yaani dakika 43 tangu mlipuko. Ulisema: "Jumuiya ya chuo inaarifiwa kwamba kumetokea tukio. Hali inashughulikiwa. Kuweni watulivu na waangalifu." Tukio gani, wapi, tutoke au tubaki ndani? Kumbe ilikuwa ni transfoma.

Maneno hayo yalinikumbusha Virginia Tech, chuo cha Marekani ambacho mkasa wake wa tarehe 16 Aprili 2007 ulibadilisha namna vyuo vya nchi hiyo vinavyotoa tahadhari. Wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini mnamo saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ilitumwa saa tatu na dakika 26, ikieleza kwamba kumetokea tukio la risasi na kuwahimiza watu wawe waangalifu. Takriban robo saa baadaye muuaji alianza kufyatua risasi katika jengo la Norris, ambako aliua watu 30. Ujumbe wa saa tatu na dakika 50 ndio uliosema wazi kwamba kuna mtu mwenye bunduki, na kwamba watu wabaki majengoni na kukaa mbali na madirisha. Hayo ndiyo maneno yaliyohitajika, lakini kwa waliokuwa Norris yalichelewa. Mwaka uliofuata sheria ya huko ilirekebishwa ili vyuo vilazimike kutoa taarifa mara tu hatari inapothibitishwa.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Novemba 2016. Tahadhari yake ilitaja mshambuliaji mwenye bunduki, ikaagiza kukimbia, kujificha au kupambana, kisha ikataja jengo na makutano ya barabara. Ilikosea kuhusu bunduki, kwani mshambuliaji alitumia gari na kisu, na risasi zilizosikika zilikuwa za polisi. Hata hivyo aliyeisoma alijua mahali pa kuepuka na la kufanya, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Huduma yetu ina sifa moja kubwa ambayo sitaki ipotee: inafika hata kwenye simu ndogo ya vitufe, bila bando, na kwa yule msichana ndiyo njia ya kutegemewa kuliko king'ora chochote. Ila jina la mtumaji ni lile lile linalotukumbusha karo na mikutano ya vilabu, hivyo wengi hawafungui jumbe zake. Kibaya zaidi, mlinzi niliyezungumza naye aliniambia kwamba aliripoti transfoma ndani ya dakika tano, kisha ujumbe ukangoja ofisa mmoja aliyekuwa safarini auidhinishe. Maneno ya dharura yanapaswa kuandikwa mapema, ibaki nafasi ya kujaza mahali tu, na msimamizi wa walinzi wa zamu awe na ruhusa ya kuyatuma.

Mazoezi nayo yanahitajika, lakini yatangazwe. Mnamo Novemba 2015 zoezi la usalama lililotumia milio ya risasi katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilizua taharuki, watu wakaruka kutoka ghorofani na mfanyakazi mmoja akafariki.

Kwa wanafunzi wenzangu: nendeni masijala wiki hii mkahakikishe nambari iliyosajiliwa ni yenu. Sisi tulitoka maktabani saa nne kasoro dakika kumi, baada ya mlinzi kupanda ngazi na tochi akitwambia twende tukalale. Ujumbe wa kutangaza kwamba hapakuwa na hatari haujatufikia hadi leo.