Mchenza wa kubebesha: nimelipia mchenza, ninao mlimau

Nianze na kilichonichoma, maana mengine yote yanavumilika: utepe. Mchenza wa kubebesha ni kikonyo, yaani kijitawi cha mchenza, kilichoungwa kwenye shina la mlimau, na kile kipande cha nailoni kinachofungwa pale kilipoungwa hakikufunguliwa kitaluni, na kimeninyonga mti.

Kazi ya utepe ni kushikilia kikonyo cha mchenza kwenye shina la mlimau na kuzuia maji yasipenye hadi viungane. Wiki 3 hadi 4 zinatosha. Baada ya hapo unachanwa kwa wembe, upande usio na kikonyo, kazi imekwisha. Ukiachwa, shina linanenepa lakini nailoni hainenepi nalo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia kwenye gome, na gome likikabwa kinakwama hapo hapo. Juu ya kiungo shina langu limevimba kama goti, chini limebaki jembamba, na kati yake kuna mfereji ambao nailoni imezama hadi huioni. Majani ya mchenza yakaanza umanjano kwenye mshipa wa kati, dalili kwamba mizizi haipati chakula.

Mchenza ukidhoofika, mlimau ulio chini unapata nafasi. Macho yaliyolala chini ya kiungo yanachipua kwa nguvu, na mtu asiyejua atafurahi kuona mti unakua. Utayajua maotea hayo kwa miiba yake mirefu na majani machanga yenye wekunduwekundu wa zambarau. Likunje jani moja ulinuse: ni limao tupu.

Nilimpelekea muuza miche tawi moja la maotea hayo alione. Jibu lake: "Mama, si mti umeota? Unataka nini tena?" Akageukia mteja mwingine. Umeota, ndiyo, ila umeota mlimau! Bei niliyolipa ilikuwa ya mchenza wa kubebesha, na kila mtu Tabora anajua mche wa kubebesha hauuzwi kwa bei ya mche wa mbegu.

Mti wenyewe sitausema vibaya. Kwa kiuwanja kidogo cha mbele ya nyumba sijaona unaoupita. Mwembe, ambao mji huu umejaa, utakula uwanja wote. Mchenza ukipogolewa kila baada ya mavuno unabaki kwenye mita 3. Majani yake yanang'aa mwaka mzima, maua yananukia hadi barabarani, na baridi ya usiku ya Juni na Julai inasaidia tunda kugeuka rangi vizuri kuliko Pwani, ambako mara nyingi huiva likiwa bado na ukijani. Na mchanga wetu huu mlimau wa chini unauvumilia, pamoja na kiangazi chake. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha huo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Mita 2 na nusu kutoka ukutani. Panda mvua zikishashika. Kiungo kibaki juu ya ardhi, sentimita 15 au zaidi, kwani kikifukiwa gome linaoza na kutoa utomvu. Nyasi kavu usizisogeze shinani, mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko.

Nilikuwa tayari kusema kitalu kimepitiwa, miche ni mingi, mtu anasahau. Lakini nilipokuwa pale nilipapasa miche mingine ya safu ile ile. Utepe upo, na kwenye mingine umeshaanza kuzama. Hapo huruma ikaniisha. Tena fundi wao anajua kazi: ukikitazama kiungo, kimekatwa safi na kimeshika. Nadhani wanauacha makusudi kwa sababu wateja wanautafuta, kama ushahidi kwamba mche umebebeshwa kweli. Ushahidi halisi ni kovu na kona ndogo pale shina linapobadilika. Pitisha kidole uisikie.

Aliyekwisha kununua aende akaangalie leo. Kwaruza gome la mchenza juu ya kiungo kwa ukucha. Likiwa kijani, bado upo hai. Chana utepe kwa wembe kwa kufuata urefu wa shina, kamwe usikate kuzunguka. Vipande vilivyozama vitoe kwa kibano, kisichotoka kiache, ukichokonoa utajeruhi gome. Simika kigingi na ufunge shina kwa kitambaa juu na chini ya kiungo, maana hapo ndipo upepo utakapouvunja. Maotea ya chini yang'oe kwa mkono kwa kuvuta kuelekea chini yakiwa bado laini. Mkasi unaacha macho kwenye kitako na yatarudi mengi zaidi. Kikonyo kikiwa kimekauka, acha otea moja lililonyooka, likifika unene wa penseli mwite fundi aunge upya.

Wangu bado una ukijani kidogo juu ya kiungo, kwa hiyo naupigania. Mche wa kubebesha nitanunua tena, na mchenza huo huo. Kitalu kile, hapana. Hata kingine, utepe ufunguliwe mbele yangu ndipo nitoe hela.