IST yangu ya mwaka 2004: miaka saba barabarani, na ilikotoka

Kila asubuhi nikiwasha gari langu, Toyota IST, kabla injini haijatulia, sauti ya mwanamke inatoka chini ya dashibodi na kusema maneno machache ya Kijapani. Wenye magari ya Japani hapa Dar wote wanamjua. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa, ile kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao. Kuna kiboksi cheusi chenye nafasi ya kadi ambayo haijajazwa tangu gari lishuke bandarini. Fundi wa umeme alitaka kukata waya wake nikamkatalia. Gari hili limeishi mara mbili, na sauti ile ni ya maisha yake ya kwanza.

Naandika haya kwa sababu hakuna mwezi unaopita bila mwalimu mwenzangu au ndugu kuniuliza: bado IST ni gari la kununua? Umbo la kwanza, hili langu, Toyota waliacha kulitengeneza mwaka 2007. Mimi langu nililipata 2017 likiwa na kilomita 86,000. Nimeliendesha miaka saba, na leo linasoma 214,000. Jibu langu ni ndiyo, ila ukijua unanunua nini. Kulijua kunaanzia mbali kidogo.

Mwanzo wake ni Vitz. Mwaka 1999 Toyota walitoa kigari hicho, wakakiita Yaris huko Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na likachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani, kisha la Ulaya kwa mwaka 2000. Toyota hawakuishia hapo. Juu ya msingi uleule walijenga ukoo mzima: Platz yenye buti la nyuma, Fun Cargo, bB, Probox, na mwaka 2002 wakatoa IST. Jitazamie mwenyewe barabara yoyote ya Dar kwa dakika tano, utauona ukoo huo ukipita. Hii si habari ya pembeni. Ndiyo sababu spea za IST hazikosekani: injini iliyomo humo imo pia ndani ya Probox inayobeba mikate na ndani ya gari la jirani yako.

Jina lenyewe ni kile kimkia cha maneno ya Kiingereza kama atisti au pianisti, mtu aliyejitosa kwenye jambo analolipenda. Wajapani hulisoma "isuto", sisi tukaamua kutaja herufi moja moja, na kwetu limekuwa jina kamili. Walengwa walikuwa vijana wa mijini waliotaka gari dogo lisilofanana na gari la kwendea sokoni. Kwa hiyo waliinua mwili, wakavimbisha mapaja ya tairi, wakaweka rimu za inchi 15 kwenye gari lenye urefu usiofika mita 4. Hata Marekani lilifika, kwa jina la Scion xA, kuanzia 2003 hadi 2006.

Sasa sehemu ambayo inawagharimu watu pesa. IST ya umbo la kwanza ina injini mbili, 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496. Madalali husema "cc 1290" na "cc 1490". Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Shemeji yangu alilipia bei ya 1490 kwenye yadi moja mjini, karatasi ya tangazo kwenye kioo ikisema hivyohivyo. Jumapili alipokuja nyumbani tulifungua boneti, nikapangusa vumbi kwenye kile kibati chenye namba za chasisi: NCP60. Hiyo ni 1290. Ya 1490 huandikwa NCP61, na ile inayovuta kwa tairi zote nne ni NCP65. Alisimama akikitazama kibati kwa muda, kitambaa bado nimekishika. Gari lenyewe lilikuwa zima na analo hadi leo, lakini pesa ya tofauti hakurudishiwa. Tafadhali, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, soma kile kibati kwa macho yako mwenyewe.

Ipi bora? Kwa anayezunguka mjini peke yake, 1290 inamtosha kabisa. Mimi nilichagua 1490 kwa sababu moja, nayo ni Desemba. Kila mwaka tunapanda Moshi watu watano na mizigo. Tunapitia Bagamoyo na kutokea Msata ili kukwepa foleni ya Kimara na Kibaha, halafu Segera, Korogwe, Mombo, Same. Zaidi ya kilomita 500. Naondoka tanki limejaa, lita 45, na nafika nyumbani taa ya mafuta haijawaka. Kwa hesabu zangu, safari ndefu inanipa kilomita 15 kwa lita nikiwa mtulivu, na mjini kwenye foleni inashuka hadi 10 au 11, kiyoyozi kikiwashwa. Gia boksi yake ni otomatiki ya gia nne tu, kwa hiyo ukitaka kulipita lori kwenye mwinuko na gari limejaa, injini inapiga kelele kwanza ndipo nguvu inakuja. Jifunze kuvuta subira. Ukiwa na haraka ya kupita, hapo ndipo itakutia hatarini.

Jambo moja ninalolipenda kuliko yote ni geji ya spidi kukaa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya usukani. Wengi wanaopanda kwa mara ya kwanza wanalishangaa. Mama yangu hukaa kiti cha mbele, na kwa kuwa geji anaiona vizuri kama mimi, amejipa kazi. Tukikaribia kijiji, kibao cha 50 kikichomoza, anasema, "Hamsini, mwanangu, hamsini." Miaka saba, na katika njia ile yenye tochi za trafiki za kupima spidi karibu kila kijiji, sijawahi kukamatwa nikiwa naye.

Redio ya Kijapani ilinisumbua mwanzoni. Masafa yake ya FM yanaishia 90, kwa hiyo Clouds ya 88.5 naipata, na Radio One ya 89.5 naipata, lakini kila stesheni iliyo juu ya hapo haipo. Fundi wa redio anafunga kifaa kidogo cha kupandisha masafa, kazi ya nusu saa. Ukiwa na pesa kidogo zaidi badilisha redio yote.

Watu huuliza kwa nini magari haya yanazidi kushuka bandarini wakati kwao yameshapitwa. Sababu moja iko Japani: kila gari lazima lipite ukaguzi wa serikali, wa kwanza baada ya miaka 3 kwa gari jipya na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi unaambatana na kodi na bima, na gharama zinauma. Kwa hiyo mwenye gari analiachia likiwa bado zima. Kwenye fremu ya mlango wangu bado kuna kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili, kimeandikwa tarehe na kilomita kwa kalamu. Mtu alikuwa analitunza. Kibandiko kile kilinipa imani kuliko karatasi zote za wakala.

Sababu ya pili iko kwetu. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kule umbo hili halina njia tena ya kuingia. Tanzania tunaruhusu, ila tunatoza uchakavu: gari likivuka miaka 10 unaongezewa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18. Injini zote mbili za IST ziko chini ya cc 2,000, na hilo linampunguzia mwenye gari mzigo kwenye ushuru wa bidhaa. Halafu Uber ikaingia Dar mwaka 2016, Taxify ambayo sasa ni Bolt ikafuata, na vijana wakahitaji gari la milango minne, lisilokula mafuta, ambalo fundi yeyote analijua. IST ikawa teksi ya mji. Hapa nina onyo: gari lililofanya kazi ya teksi miaka minne limechoka kuliko kilomita zinavyoonyesha, maana limekaa foleni injini ikiunguruma saa nyingi. Angalia pedali ya breki ilivyolika na kiti cha dereva kilivyobonyea upande wa mlango. Hivyo havidanganyi.

Uzima wa injini umenishangaza. Inatumia mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo ile gharama ya kubadilisha mkanda kila kilomita laki haipo. Namwaga oili kila kilomita 5,000 bila kukosa. Ilipofika 180,000 ilianza kula oili kidogo, kama nusu lita kati ya sevisi na sevisi, ndiyo maana kila Jumamosi napima kijiti. Plagi nimebadilisha mara mbili, rejeta mara moja. Chini ya gari ndiko pesa inakoenda. Barabara yetu ya ndani kule Goba ina mawe na mitaro, na kila baada ya mwaka na nusu stabilaiza linki za mbele, vile vyuma vya kulituliza gari lisiyumbe, zinaanza kugonga, kisha bushi zinafuata. Spea nanunua Gerezani, na nimejifunza kwenda na ile ya zamani mkononi niilinganishe, kwa sababu feki ni nyingi na nyingine zinatofautiana kwa milimita chache tu.

Kosa lililoniuma lilikuwa la oili ya gia boksi. Mwaka wa tatu nilipeleka gari gereji fulani karibu na kazini, nikawaachia, nikaenda kufundisha. Wiki moja baadaye gari likaanza kupiga teke kila likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa Tegeta. Hakuanza na mashine wala maswali. Alichomoa kijiti cha gia boksi, akakifuta kwa kidole gumba, akanigeuzia nisome. Kimechongwa kwenye bati lake: T-IV. "Mwalimu," akaniambia, "gari limeshajisemea lenyewe linataka oili gani. Hawa wamelimwagia waliyokuwa nayo." Tulimwaga na kujaza mara tatu, kwa siku tofauti, mpaka ile mbaya ikaisha. Teke liliacha. Ningechelewa mwezi mmoja ningekuwa nanunua gia boksi. Tangu siku hiyo nakaa gereji kazi ikifanyika, hata iwe ya saa nzima.

Wizi nao upo, sitauficha. Kwa kuwa IST ni nyingi, vioo vya pembeni, taa na swichi za madirisha vinatafutwa. Nilichonga namba ya gari kwenye vioo na taa zote wiki ya kwanza. Majirani wawili ambao hawakuchonga wameshalia. Mfumo wa kutumia gesi badala ya petroli sikufunga, kwa kuwa mtungi ungekula buti, na buti lenyewe ni dogo. Ukikunja viti vya nyuma nafasi inatosha magunia mawili, lakini Desemba sisi ni watano na viti havikunjiki.

Kuhusu toleo la pili, lile la 2007 hadi 2016 ambalo mjini wanaliita nyu modo, nimeliendesha la rafiki yangu wiki mbili. Ni pana zaidi, limekaa vizuri zaidi barabarani, Marekani liliitwa Scion xD na Ulaya Urban Cruiser. Geji imehamishiwa mbele ya dereva. Dirisha la nyuma ni jembamba na kurudi kinyumenyume kwenye maegesho ya Kariakoo kulinipa shida. Kama bei si tatizo, ni gari zuri. Mimi sikuona cha kunifanya niuze langu.

Nani asinunue? Anayeishi barabara ya matope mazito, au mwenye familia ya watu sita. Na yeyote asiye na moyo wa kufungua boneti mara moja kwa wiki.

Langu sasa mauntini ya upande wa kulia, ule mpira unaoshikilia injini, imekufa. Nikisimama kwenye taa gia ikiwa D, usukani unatetemeka mkononi. Spea nimeshainunua, imo kwenye buti ndani ya mfuko. Jumamosi naenda Tegeta kwa yule mzee, na mwanangu wa kwanza, aliyepata leseni mwezi uliopita, nitakwenda naye ashike tochi na aone kazi inavyofanyika. Desemba hii yeye ndiye atakayeendesha kutoka Segera hadi Same, bibi yake akiwa kiti cha mbele.