Dawati la data hapa chuoni Moshi, na kwa nini sikupeleka kazi yangu steshenari

Miezi ya kuwasilisha tasnifu ikikaribia, kuta za karibu na vyuo hapa Moshi zinajaa karatasi za A4: "Tunachambua data, SPSS, Stata, bei poa." SPSS na Stata ni programu za takwimu. Ukipiga namba iliyopo unaambiwa lete flashi tu, majedwali utayakuta keshokutwa. Wenzangu wamepita njia hiyo na wamehitimu, siwasemi vibaya. Mimi nilipitia dawati la data la chuo, lile la juu maktaba linaloshauri watafiti juu ya data zao, na naandika kwa sababu kila anayeniuliza habari zake anadhani ni mahali pa kufanyiwa kazi bure. Hawakufanyii. Ukikaa, wanakusogezea kibodi wewe, wao wanakaa pembeni na kuuliza maswali. Kama ulikwenda na haraka zako utatoka umekasirika, na nimeshuhudia watu wakitoka hivyo.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu kipato cha wakulima wa kahawa walio kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS, upande wa Kibosho na Uru. Nilipanda ngazi za maktaba nikiwa na dodoso ambalo halijachapwa, na ninashukuru lilikuwa halijachapwa. Kaka aliyenipokea ni kijana mdogo tu, lakini pale kila mtu anamwita Mwalimu, hata wenye PhD zao.

Anaanza na sampuli, yaani utahoji watu wangapi na utawapataje, na hapo ndipo nilipojua niko mbele ya mtu anayejua kazi. Mnaijua ile idadi ya watu 384 iliyojaa kwenye tasnifu? Inatoka kwenye fomula ya Cochran: unataka uhakika wa asilimia 95, unaruhusu kukosea kwa asilimia 5, na kwa kuwa hujui ni wangapi huko uendako wenye sifa unayoitafuta, unaweka asilimia 50. Chukua 1.96, ambayo ndiyo namba ya ule uhakika wa asilimia 95, mara yenyewe, zidisha kwa 0.25 (0.5 mara 0.5), gawanya kwa 0.0025 (0.05 mara 0.05), unapata 384 na pointi zake. Wengine wanatumia ya Yamane: orodha ikiwa na wanachama 2,400, kwa kukosea kulekule kwa asilimia 5, inakupa 343. Zote mbili zinadhani umechota majina kwenye orodha moja, kila mtu kwa bahati yake. Kibosho hakuna anayefanya hivyo. Unachagua AMCOS kadhaa kwanza, halafu wakulima ndani ya hizo AMCOS. Na wakulima wa AMCOS moja wana bei moja, mashine moja ya kumenya, mvua ileile, katibu yuleyule. Ukifika kwa wa ishirini, mengi umeshayasikia kwa kumi na tisa waliotangulia.

Mwalimu akaniandikia ubaoni. Ukichukua watu 20 kwa kila AMCOS, na kiwango cha kufanana kwao kikiwa 0.05 tu, ambacho si kikubwa, inabidi sampuli uizidishe kwa 1.95, yaani 1 jumlisha 19 mara 0.05. Maana yake wale 384 wanakupa habari ya watu kama 197 waliochotwa mmojammoja. Nikairudisha hesabu hiyo kwa msimamizi wangu. Alinuna kidogo, akasaini. Tukaongeza idadi ya AMCOS na kupunguza watu ndani ya kila moja, kwa sababu chama kipya kinakuletea habari mpya kuliko mtu wa ishirini na moja wa chama kilekile. Nauli za daladala na bodaboda zilipanda, hilo nalo mlijue.

Dodoso wakanisaidia kulihamishia KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwa simu. Inaingia kwenye simu janja ya kawaida, mdadisi anajaza huko migombani bila mtandao, akishuka mjini anatuma. Huko ndiko nilikoonywa jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti: saa. Mkulima anakwambia anapeleka kahawa mashineni saa kumi. Mdadisi mmoja anabonyeza 10:00, mwenzake anabonyeza 16:00. Simu inazipokea zote mbili bila neno, na ukija kupiga wastani unaambiwa wakulima wa Uru wanapeleka kahawa saa saba mchana, muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutaja. Dawa yake ikawa kugawa swali: kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa kama mkulima alivyoitamka, na kuigeuza tukafanye wenyewe baadaye kwa kompyuta.

Vipimo navyo hivyohivyo. Huyu anahesabu kwa debe, yule kwa gunia, mwingine kwa kilo. Na kilo zenyewe za nini? Kilo moja ya kahawa kavu ya maganda inatokana na kilo kama tano za matunda mabichi, kwa hiyo ukiziacha kwenye safu moja bila kuuliza, mzee mwenye kihamba (shamba la ukoo) kidogo anageuka tajiri wa kata. Tukaweka safu mbili: kiasi, na aina ya kipimo. Kubadilisha kukafanyika kwa skripti, yaani amri zilizoandikwa na kuhifadhiwa kwenye faili, ili kesho mtu akibisha tuone tulibadilishaje.

Sasa programu, maana ndizo watu huuliza kwanza.

SPSS ndiyo inayotajwa kwenye kila tangazo la steshenari. Ni kongwe, ya tangu 1968, na IBM waliinunua mwaka 2009. Ni rahisi kubonyeza. Leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo inayozunguka mabwenini kwa flashi ni ya kukraki, na mara nyingi haiji peke yake, inakuja na virusi. Dawati hawaigusi laptopu yenye nakala hiyo. Nilidhani ni kujivuna, baadaye nikaona ni busara tu: chuo hakiwezi kukupa ushauri juu ya kitu cha wizi.

Stata wanayo kihalali, lakini kwenye kompyuta za chumba kile tu. Ni nzuri sana kwa data zilizochotwa kwa makundi kama zangu: unaieleza mara moja muundo wa sampuli, inaukumbuka hadi mwisho. Ina mtego mmoja ambao Mwalimu anaupigia kelele kila kipindi. Pasipo jibu, Stata huhesabu kuwa ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiiagiza ihesabu wenye umri zaidi ya miaka 60, inakuhesabia pia wote ambao umri wao haukuandikwa. Kijijini ambako bibi anakujibu "nilizaliwa mwaka wa nzige", hao si wachache.

Mimi niliishia kwenye R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Ni bure kabisa, na faili la kuisimika kwenye Windows halifiki megabaiti 100, bando la kawaida linatosha. RStudio, ambayo ndiyo unaikalia kuandika amri zako, ni kubwa zaidi, na vifurushi vya nyongeza, yaani programu ndogo za kuiongezea R kazi, ndivyo vinavyokula bando; vifurushi hivyo dawati wanakupa kwenye flashi. Msimamizi aliniuliza kama ni programu "inayokubalika". Nikamjibu kwa adabu kwamba iliandikwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000, na kwamba kifurushi chake cha data za sampuli kinafanya bila malipo kazi ambayo kwenye SPSS ina moduli yake ya pembeni. Hakuuliza tena. Anayeogopa kuandika amri atumie jamovi: nayo ni bure, ndani yake ni R, ila juu ni menyu za kubonyeza, na ukitaka inakuonyesha amri zilizotumika.

R ilinitesa. Wiki za mwanzo karibu zote ziliishia kwenye mabano yasiyofungwa na koma zilizosahaulika. Ila siku mjumbe mmoja wa jopo aliposema ondoa AMCOS iliyokosa kumbukumbu za mauzo, nilibadilisha mstari mmoja, majedwali yote yakajitengeneza upya kabla chai haijapoa. Aliyefanyiwa kazi na steshenari siku hiyo hurudi steshenari, na analipa tena.

Kusafisha data ndiko kulikochukua muda mwingi kuliko yote. Nilitaka kuunganisha majibu ya dodoso na daftari za mauzo za AMCOS, na Kibosho ukitafuta kwa jina la Massawe, Mushi au Kimaro, majina ya watu wengi kule, umejitafutia ugomvi. Tukatumia namba ya uanachama, na pale ambapo katibu aliandika sifuri kama herufi O tukaenda kwa mikono. Tarehe ni kisa kingine: Excel inahesabu siku kuanzia mwaka 1900, Stata kuanzia 1960, R kuanzia 1970, na SPSS inahesabu sekunde kuanzia Oktoba 1582. Ukihamisha faili ovyo, mavuno ya mwaka jana yanaweza kusomeka ya enzi za Wareno pwani.

Kuna jambo waliniudhi nalo siku ya kwanza na leo ninawaunga mkono. Hawafungui faili lenye majina na namba za simu za watu. Wanakurudisha ukayatoe, ubaki na namba ulizowapa badala ya majina, orodha ya majina uifungie kwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mkulima aliyekutajia kipato chake hakukutuma ukakiache kwenye kompyuta ya steshenari ambayo kila mtu anachomeka flashi.

Kasoro zipo. Ukifika msimu wa tasnifu foleni ni ndefu kupita kiasi, na waliokuja na data mbovu ya miezi sita iliyopita wanakula muda wa waliokuja na dodoso. Ningekuwa mimi ningetenga siku maalumu za wenye dodoso. Umeme ukikatika Stata imekatika nawe. Mafunzo ya R yanatolewa kwa Kiingereza cha kukimbia, na mifano yake ni ileile inayokuja na programu: maua ya iris, na yale magari 32 yaliyotoka kwenye jarida la Marekani la mwaka 1974. Watu wanakaa saa tatu wakichora ulaji wa mafuta wa Cadillac ilhali nje ya dirisha kuna kahawa, maziwa na ndizi. Nilimwambia Mwalimu, akacheka, akasema nimpe data zangu zikishasafishwa. Nimempa, bila majina.

Ningewapa nyota nne. Kama unakwenda, nenda mapema asubuhi katikati ya wiki, maana Jumatatu hupati kiti. Beba dodoso kabla halijapelekwa kuchapwa, orodha ya safu zako na maana ya kila moja, na R uwe umeishusha nyumbani. Intaneti ya pale wanaigombania watu wengi. Na ukitaka kufanyiwa, waambie tangu mlangoni, watakuelekeza kwa upole ulipo mlango wa kutokea.