Kitambaa cheusi kabla ya lupu: uzoefu wangu na kamera ya filamu za inchi 4 kwa 5

Lupu yangu ya kwanza, yaani kioo kidogo cha kukuzia picha ninapoweka fokasi, ilikuwa ya kukuza mara 10. Muuzaji alinihakikishia kwamba kadiri inavyokuza zaidi ndivyo fokasi inavyokuwa rahisi. Nikapanda nayo kilima cha Namirembe, nikasimamisha kamera mbele ya kanisa kuu na kuinamia kioo cha ukungu, kile kilichokwaruzwa upande mmoja kilicho nyuma ya kamera, ambapo picha huonekana kabla ya kuweka filamu. Nikaona chembechembe za kioo chenyewe. Matofali mekundu ya ukuta yalikuwa kama uji.

Tatizo lilianza kabla ya lupu. Picha huangukia kwenye kioo kile ikiwa kichwa chini, kulia kumekuwa kushoto, na mwanga wake ni hafifu. Jua la Kampala la saa nne asubuhi likikipiga, picha yote hufutika. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende kwenye kitambaa cha kujifunika kichwa pamoja na kioo. Nilinunua katika soko la Owino kitambaa cheusi kizito, fundi cherehani akakishonea cheupe upande wa nje ili kisifyonze joto, na vijiwe kwenye pembe ili upepo usikiinue. Pamoja na ufundi nilitumia shilingi 60,000, na hakuna kifaa kingine kilichonisaidia hivyo. Asubuhi za baridi pumzi hufunika kioo ukungu, kwa hiyo upande wa chini nauacha wazi.

Lupu niliyo nayo sasa hukuza mara 4 tu, nayo inatosha. Ila usiitumie kama ilivyotoka dukani. Iweke juu ya kioo, elekeza kamera kwenye mwanga bila kulenga kitu, zungusha sehemu ya jicho mpaka chembe za upande uliokwaruzwa zionekane kali. Upande huo ndio unaotazama lenzi, na picha hukaa pale. Nilikosea hatua hii na kuharibu filamu 6 kabla ya kuelewa.

Kwa lenzi ya milimita 150 sihitaji zaidi ya hapo. Ya milimita 90, inayoona eneo pana zaidi, ndiyo yenye taabu: ukiisogeza juu kwenye kamera ili mnara usionekane kuegemea nyuma, pembe za kioo huwa giza kabisa. Hapo lenzi ya Fresnel, kipande bapa chenye miduara iliyochongwa, huziangaza. Niliiweka upande wangu wa kioo. Ukiipachika kati ya kioo na lenzi kwenye kamera isiyotengenezwa hivyo, fokasi unayoiona haitakuwa ile ya filamu. Miduara yake huonekana kidogo, na kwa lupu ya mara 10 ingenisumbua sana.

Kile kisanduku chenye kioo cha kujitazamia kinachosimamisha picha wima nilikijaribu na kukirudisha. Kulia hubaki kushoto vilevile, na kwenye bodaboda hakibebeki pamoja na stendi. Tena nimeshaizoea picha iliyopinduliwa. Ninapoitazama hivyo naona kwanza maumbo na vivuli, kisha ndipo nakumbuka kwamba ni kanisa.