Polisi Kata mtaani kwetu: mtu tunaye, usafiri hana

Nina kibanda cha wakala wa fedha pembezoni mwa jiji la Mwanza, na haya ndiyo maoni yangu kuhusu huduma ya Polisi Kata, yaani askari anayepangiwa kata moja, tangu tuletewe wa kwetu. Zamani ukiibiwa ulikwenda kituo cha mbali, ukaandikiwa RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ukarudi nyumbani na namba hiyo tu.

Wezi walipovunja kibanda changu usiku, nilimpigia simu afande wetu. Alifika kabla hakujakucha. Alimulika mlango kwa tochi, akanionyesha kwamba kufuli lilikuwa zima kabisa. Kilichong'olewa ni komeo, maana fundi alilipigilia misumari badala ya kulifunga kwa bolti za kupenya hadi ndani. "Mama, umenunua kufuli la bei halafu limeshikwa na misumari." Akanikataza pia kulaza floti, yaani fedha za kufanyia kazi ya uwakala, kibandani. Kesho yake alipita kwa mawakala wote wa barabara yetu kukagua makomeo. Huduma ya namna hii sikuwahi kuipata.

Ila alikuja kwa bodaboda, na nauli alitoa mfukoni mwake. Gari la kituo linahudumia kata kadhaa, na usiku ule halikuwa na mafuta.

Majirani wengi humlaumu diwani. Diwani hana askari wala bajeti ya askari. Jeshi la Polisi ni la taifa. Fedha zake ziko Fungu 28 la bajeti ya serikali, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Bunge ndilo linalolipitisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Kwa hiyo wa kubanwa ni mbunge, na abanwe mapema, si Julai.

Pengo linalobaki tunaliziba sisi kwa michango ya ulinzi shirikishi. Huku Usukumani haikuwa kazi kuwashawishi watu, kwani wazee wanazikumbuka sungusungu za miaka ya 1980. Mchango siulalamikii, ingawa risiti zitolewe. Vijana wanazunguka usiku na filimbi, wanajitahidi kweli. Lakini wakimkamata mtu wanatakiwa kumkabidhi polisi, na polisi akichelewa, watu wanaokota mawe.

Nimeliona hilo. Kijana alishikwa na betri ya pikipiki, watu wakajaa. Afande alifika peke yake, akamkalisha kijana chini ukutani, akasimama mbele yake, akawa anawaita watu kwa majina: baba fulani, mama fulani, rudini nyuma. Wakarudi, kwa kuwa anawajua na wanamjua. Gari lilichelewa sana kufika, na muda wote huo hakuwa na mwenzake hata mmoja. Siku akiwa likizo, au yuko upande wa pili wa kata, nani atasimama pale?

Kwa hiyo yeye nampongeza kwa moyo wote, uwezeshaji wake siuridhii hata kidogo. Kila Polisi Kata apewe pikipiki, mafuta ya uhakika na askari wa pili. Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara nitamuuliza hilo, na nawaomba wenzangu mumuulize pia.

Unayehamia kata yetu, chukua namba yake ofisi ya mtendaji mapema. Na PF3, fomu ya polisi anayopewa majeruhi akatibiwe, hailipiwi. Ukidaiwa hela, mpigie yeye.